Kwa nini watoto wetu wanajifunza kufunga siri

Maneno ya mwalimu wa hesabu mbele ya mkutano mkuu wa chama, Baraka



Komite imenipa dakika ishirini. Nimeandika maneno yangu ndani ya kaye juu ninajijua: nikishika mikro bila karatasi, jua litazama tukiwa tungali hapa.

Nataka kuanza na lile neno ambalo wengi mmelisema pembeni, na ambalo Mama mumoja wa kundi la wakulima aliniambia wazi. Alisema: "Mwalimu, mabati yetu yanavuja, batoto wengine banasoma bamekaa chini, na weye unabafundisha mambo ya ordinatere ya Amerika. Ile tutakula?" Mama, asante. Ile ni swali ya haki. Makuta ya chama ni jasho la kila mutu, na wafadhili nao wanatoa mfukoni mwao. Leo nimekuja kujibu.

Jibu langu linaanza na kosa, na kosa lenyewe ni langu.

Mnakumbuka komite iliniomba nipige kwa mashini liste ya memba wote. Jina la mutu, jina la baba yake, kijiji alichokimbia, kambi alimoishi Tanzania, mwaka aliorudi, na shamba analodai kuwa la ukoo wake. Niliandika yote, kiisha nikaipeleka kwenye sekretariati moja hapa mjini kwa kuitoa kwenye karatasi. Nikalipa, nikachukua karatasi zangu, nikaenda. Ile fayili niliiacha ndani ya ordinatere ya watu.

Majuma yakapita. Siku moja mwanafunzi wangu, binti wa humanités ya tatu, akaenda fasi ile ile kutoa nakala ya masomo. Akaona kwenye skrini jina la babu yake. Akafungua. Akaona jina la kila mumoja wetu, na mashamba yetu moja moja. Alinifuata nyumbani jioni, akakaa, akasema kwa heshima: "Mwalimu, weye ndiye ulitufundisha kufunga maneno. Ile liste mbona iko wazi?"

Ndugu zangu, nilikosa pa kuficha uso. Hapa kila mutu anajua shamba ni nini. Mutu aliyelima shamba lako miaka kumi ukiwa kambini, akijua kabla yako kwamba unakuja kudai, anaweza kukuita mezani muongee, anaweza pia kufanya mengine. Liste ile si karatasi ya kuhesabia watu tu. Ni usalama wetu.

Tulirudi pale asubuhi yake, fayili ikafutwa mbele ya macho yetu. Kama kuna aliyeinakili, sijui, na sitawadanganya. Ndiyo maana naomba musamaha mbele ya mkutano huu. Kiisha nataka muone kwamba aliyegundua kosa la mwalimu ni mutoto aliyesoma lile somo mnalouliza kama litaliwa.

Sasa niwaeleze ni somo gani.

Kila Jumamosi wanafunzi wa humanités ya tatu na ya nne wanakuja. Tuko na ordinatere nne za zamani na panu ya jua. Intaneti hakuna, na hatuiitaji. Tunaandika kode kwa lugha ya Python, ambayo ni ya bure na inafanya kazi bila mtandao. Siku ya mawingu, betri ikiisha, tunafanya kwa karatasi na kwa sarafu.

Somo la kwanza ni la zamani sana. Julius Caesar, mukubwa wa Roma, alikuwa anaandika barua kwa kusogeza kila herufi hatua tatu mbele. A inakuwa D, B inakuwa E. Neno BARAKA linageuka EDUDND. Wanafunzi wanafurahi, wanaandikiana barua, wanaona hakuna atakayezisoma. Kiisha nawaambia: zivunjeni. Wanaona hatua ziko 25 tu za kujaribu, na programu ya mistari michache inazijaribu zote kabla hujafunga mudomo. Mwingine akaona njia fupi zaidi: D imerudi mara tatu, na katika Kiswahili herufi inayorudi kuliko zote ni A, basi D lazima ni A. Hakuna aliyemwambia. Alihesabu tu. Pale watoto wanaelewa neno la kwanza: kufuli si nzuri juu imekuvuruga weye mwenyewe. Uliza kwanza mwizi itamchukua muda gani.

Somo la pili ni kufuli ambayo dunia yote inaitumia leo. Zamani, watu wawili wakitaka kuongea kwa siri, walipaswa kwanza kukutana na kupeana ufunguo. Mwaka 1976 Wamarekani wawili, Whitfield Diffie na Martin Hellman, walionyesha kwamba si lazima. Mwaka 1977 wengine watatu, Rivest, Shamir na Adleman, wakatoa njia ambayo inaitwa RSA kwa majina yao.

Ifikirieni hivi. Mama muuza mikate anatengeneza makufuli mengi ya namna moja, anayagawa sokoni yakiwa wazi. Ufunguo uko mumoja tu, anao yeye nyumbani. Kila mutu anaweza kuweka barua ndani ya sanduku na kubana kufuli. Wa kufungua ni yeye peke yake.

Kwa namba, watoto wanafanya hivi. Chukua namba tasa mbili, yaani zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe: 3 na 11. Zizidishe, unapata 33. Wape watu wote 33 na namba 3: hiyo ndiyo kufuli. Bakiza kwako namba 7: huo ndio ufunguo. Mutu anataka kukutumia siri 4. Anazidisha 4 mara tatu, yaani 4 × 4 × 4, inakuwa 64. Anagawa kwa 33, inabaki 31. Anakutumia 31 mbele ya watu wote. Weye unazidisha 31 mara saba, unagawa kwa 33, na inabaki 4. Siri imerudi. Nendeni nyumbani mujaribu, itatoka.

Mutoto anayefanya ile hesabu kwa mukono wake, kiisha akaiandika kwa kode na ordinatere ikajibu 4, hasahau. Mimi nilifundisha baki ya mgawanyo miaka mingi, wanafunzi wakisinzia. Leo wanagombania nafasi ya mbele.

Lakini nguvu ya ile kufuli iko wapi? Iko hapa: kama mwizi anajua kwamba 33 ni 3 mara 11, anaweza kuutafuta ule ufunguo wa 7, na ataupata. Kwa 33 ni mchezo. Niliwapa 2021. Walihangaika kidogo kwa kalamu, wakapata 43 mara 47. Kiisha wakaandika programu ya kujaribu kugawa namba kwa 2, kwa 3, mpaka ipate. Tukaongeza tarakimu mbili, kiisha mbili tena. Kila tarakimu mbili zikiongezeka, muda unazidishwa karibu mara kumi. Wao wenyewe walichora ile mistari kwenye ubao na kuona inavyopanda sawa mulima.

Njia za wataalamu ni nzuri kuliko ile yetu, lakini hata wao mulima unawashinda. Mwaka 2020 walifaulu kugawa namba ya RSA yenye tarakimu 250, na ilidai kazi ya mashini nyingi sana kwa pamoja. Kufuli za kawaida leo ziko na namba ya tarakimu 617. Ile hakuna mutu aliyeifungua.

Nilifikiri somo limeisha hapo. Ni yule binti wa liste aliyelifungua tena. Akauliza: "Mwalimu, sasa tumefunga liste. Itakaa imefungwa miaka mingapi?"

Ndugu, swali lile lilininyima usingizi. Fikirini sisi ni watu gani. Wengi wetu tulivuka ziwa kwa meli toka Kigoma mpaka hapa Baraka kuanzia mwaka 2005. Kabla ya kuvuka, na kabla ya kupokelewa kule, tuliulizwa maswali. Nani alikufa? Uliona nani akishika silaha? Unaogopa kurudi kijiji gani, na juu ya nani? Tulijibu tukiwa tunalia. Wengine waliweka na vidole vyao kwenye mashini. Yale maneno yameandikwa, yako mahali. Siri ya biashara inaweza kuisha mwaka kesho. Siri yetu sisi inapaswa kuishi muda ambao watoto wetu wangali wanakaa jirani na watoto wa wale tuliowataja. Ile ni miaka 30, ni miaka 50.

Na hapa ndipo ile ordinatere mpya, ya kwantumu, inaingia nyumbani kwetu bila kupiga hodi.

Ordinatere yetu ya kawaida inafanya kazi na biti: ni 0 ao ni 1, sawa taa iliyozimwa ao iliyowashwa. Ile ya kwantumu inatumia vitu vidogo sana, sawa chembe moja ya mwanga ao atomu, ambavyo havifuati desturi hiyo. Kipande chake kinaitwa kyubiti. Watu wanasema kyubiti ni 0 na 1 kwa wakati mumoja. Neno lile linapotosha kidogo. Mimi nawapeleka watoto ufukweni. Mitumbwi miwili ikipita, mawimbi yake yanakutana. Fasi moja yanajumlishana, maji yanapanda. Fasi ingine yanauana, maji yanatulia. Ordinatere ya kwantumu inapanga mawimbi ya namna hiyo ili majibu ya uongo yauane na jibu la kweli lipande juu. Haijaribu kila kitu na kuchagua. Na si kila swali linakubali kupangwa hivyo.

Bahati mbaya, swali la kufuli ya RSA linakubali. Mwaka 1994 Mumarekani Peter Shor alionyesha namna. Na hii ndiyo sehemu watoto wanayoipenda, juu inafanana na ngoma. Chukua 15. Zidisha 7 kwa 7 na kuendelea, kila mara ukigawa kwa 15 na kuandika baki: 7, 4, 13, 1, kiisha 7, 4, 13, 1 tena. Ni mapigo manne yanayorudi. Ukishajua mapigo ni manne, nenda nusu yake, pigo la pili: ni 4. Toa 1 unapata 3. Ongeza 1 unapata 5. Na 3 mara 5 ni 15! Si kila namba utakayoanza nayo itakubali, mara ingine unaanza upya na ingine. Lakini siri yote ya kufuli iko ndani ya mapigo. Kwa namba yenye tarakimu 617, mapigo ni marefu mno, ordinatere ya kawaida haiwezi kuyasikiliza mpaka yarudi. Mawimbi ya kwantumu yanaweza kuyasikia.

Hesabu hii ya 15, watafiti wa IBM waliifanya kweli mwaka 2001 kwa mashini ya kyubiti saba. Wanafunzi wangu waliifanya kwa kaye.

Msiogope bila sababu. Mashini za kwantumu za leo bado zinakosea mno, haziwezi kufungua kufuli ya tarakimu 617. Watoto wameona wenyewe ile kazi ilivyo kubwa, juu tuliandika programu inayoiga kyubiti ndani ya ordinatere yetu. Kyubiti 10 zinadai kuandika namba 1,024. Kyubiti 20 zinadai zaidi ya milioni moja. Kyubiti 30 zinadai zaidi ya bilioni, na mashini yetu ingekufa. Kila kyubiti moja inazidisha mzigo mara mbili. Ndiyo maana watu wanajenga mashini ya kweli badala ya kuiiga.

Hatari iko kwa kitu kingine. Mutu mwenye nguvu anaweza leo kunakili mazungumuzo yaliyofungwa yanapopita kwenye mtandao, akayaweka ghalani asipoweza kuyasoma. Anangoja. Siku mashini itapopatikana, atafungua. Mwenye siri ya mwaka mumoja hana shida. Mwenye siri ya miaka 50 ni sisi.

Dawa ipo. Kuna kufuli mpya zilizojengwa juu ya hesabu ingine, ambazo hazina yale mapigo. Mwezi wa nane mwaka 2024, ofisi ya Marekani ya vipimo, inayoitwa NIST, ilitoa kanuni tatu za kwanza za kufuli hizo. Na sikieni vizuri: hazidai ordinatere ya kwantumu. Zinafanya kazi kwenye simu na ordinatere za kawaida. Programu ya Signal ya kutumiana ujumbe ilianza kuingiza kinga ya namna hiyo mwaka 2023. Na fayili unayoifunga nyumbani kwa neno la siri refu, kwa njia inayoitwa AES ya biti 256, haitishwi sana na mashini hizo, mradi neno lenyewe lisiwe jina la mutoto wako.

Kuna pia mchezo tunaocheza betri ikiisha. Mwaka 1984 Charles Bennett na Gilles Brassard walionyesha namna ya kupeana ufunguo kwa chembe za mwanga zenyewe. Sisi tunatumia vikaratasi na sarafu. Mutoto wa kwanza anaandika 0 ao 1, na anachagua alama: msalaba uliosimama ao ulioinama. Wa pili naye anachagua alama bila kujua. Zikilingana, anasoma sawasawa. Zikitofautiana, anatupa sarafu. Mwishoni wanaambiana alama tu, na wanabakiza zile zilizolingana. Kiisha ninaweka mwizi katikati anayesoma vikaratasi na kuvipitisha. Mwizi naye hajui alama, anabahatisha, anaharibu. Wakilinganisha sehemu ya namba zao, wanakuta karibu moja kati ya nne zimekosana. Mwizi ameacha nyayo. Mutoto mumoja akacheka, akasema: "Mwalimu, kumbe kuna kitu ambacho ukikichungulia tu, kinakushitaki!"

Sasa ninarudi kwako, Mama. Uliuliza kama ile tutakula. Somo hili haliezeki nyumba. Na halizuii kila wizi. Yule baba mwenzetu aliyepigiwa simu akaambiwa ameshinda zawadi, akataja namba yake ya siri ya makuta ya simu, hakuna kufuli ya dunia ingemsaidia. Alifungua mulango mwenyewe. Lakini tangu pale, wanafunzi wanapita nyumba kwa nyumba wakionya wazee, na wazee wanawasikiliza, juu wanaona mutoto anajua anachosema.

Nyumba tulijengewa, ikaungua, tukajenga tena. Lakini mambo yetu yaliyoandikwa, daima yameandikwa na kutunzwa na wengine. Tulisimama mustari, tukatoa majina, tukaenda. Hakuna siku mumoja wetu aliweza kuuliza: mnayafunga na kufuli gani, na kwa miaka mingapi? Leo tuko na binti wa miaka 17 anayeweza kuuliza. Mimi naona hiyo ni mali.

Naomba mambo matatu, kiisha nikae.

Kwa komite: liste ya memba ikae fasi moja, imefungwa kwa neno la siri refu ambalo watu wawili tu wanalijua. Habari za mashamba zikae kwenye kaye yake tofauti, ndani ya sanduku. Na asitokee tena mwalimu wa kuipeleka sekretariati. Kama kutoa nakala ni lazima, mwanafunzi mumoja afuatane naye na fayili ifutwe palepale.

Kwa wafadhili wetu wapendwa: rapoti mtaipata, na risiti zote. Lakini mkituomba majina, picha na vijiji vya kila aliyepata mbuzi, mtuambie kwanza ni juu ya nini na nani atasoma. Mara nyingi hesabu inatosha: familia ngapi, mbuzi wangapi. Na mkitaka kusaidia kalasi, hatuombi ordinatere mpya. Tunaomba betri moja nzuri ya panu ya jua, juu ile tuliyonayo inakufa saa nane.

Kwa wazazi: binti zenu waachieni Jumamosi asubuhi. Najua maji yanangoja na shamba linangoja. Yule aliyegundua kosa langu alikuja kwa kuchelewa kila juma juu anachota maji kwanza. Kama asingekuja kabisa, liste yetu ingekuwa bado iko wazi pale mjini, na mimi ningekuwa nimesimama hapa mbele yenu najisifu.

Mungu atulinde, na sisi nasi tujilinde.